Mfuko wa Wazima Pekee

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kanipa fomu ya bima ya afya ya serikali. Niende nikaisajili familia kabla ya Ijumaa jioni, kasema, maana atakayechelewa atangoja miezi mitatu ndipo atibiwe. Nikamwambia sawa. Kukubali kunaokoa muda.

Njiani nikafikiri. Mimi ni mzima. Sijalazwa hospitali tangu nizaliwe. Sasa mchango wangu utakwenda wapi? Kwa wagonjwa! Tena wagonjwa nisiowajua, ambao hawajaniletea hata suruali ya kupunguza. Nimeikunja fomu mara nne na kuiweka chini ya mguu wa cherehani. Cherehani imetulia. Ilikuwa inanikera tangu mwaka juzi.

Jumanne, 4 Machi
Wazo limekuja nikipiga pasi. Kinachofanya bima iwe ghali ni wagonjwa. Waondoe wagonjwa, mchango unashuka mpaka bei ya kibiriti. Ajabu kwamba wachumi wote wa serikali, na miwani yao, hawajaliona hili.

Nimeanzisha Mfuko wa Wazima Pekee. Mwenyekiti, mimi. Mhazini, mimi. Mpimaji wa afya, mimi pia, maana tepu ninayo. Nikatangaza kwenye korido yetu ya mafundi. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye kadi yake ya bima kaibandika juu ya kioo utadhani ni cheti cha ndoa, akauliza huku mashine ikiwa kichwani mwa mteja, "Sasa fundi, kama wagonjwa hawamo, mfuko utamtibu nani?"

Mteja akacheka. Wivu tu huo. Aliyezoea kunyoa hapendi kuona kitu kikiota.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kupima. Kupanda ngazi mara tatu bila kushika ukuta. Fundi saa, mzee wetu mwenye kisukari, aliishia ngazi ya saba. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba anatuharibia hesabu. Akasema haidhuru, akarudi kwenye saa zake. Nikajisikia vibaya. Kama dakika mbili hivi.

Dada wa duka la daftari alipanda vizuri, ila akapiga chafya wakati wa kuandika jina. Nikamweka chini ya uangalizi. Kaondoka amenuna, eti ni vumbi la vitambaa vyangu. Tumebaki wawili, mimi na muuza vioo. Mchango mdogo ajabu. Mfuko unapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Muuza vioo kajikata kidole. Kaja anavuja damu, anataka mfuko umlipie kushonwa. Nikamsomea kanuni ya nne: mwanachama akiugua, uanachama wake umekoma saa hiyohiyo. Akasema huo si mfuko, ni mtego. Kinyozi ndiye aliyemfunga kidole.

Jioni mke wangu kauliza kuhusu fomu. Nikamwambia inafanya kazi. Sikudanganya.

Ijumaa, 7 Machi
Tumbo. Kulia, chini. Si ugonjwa, ni gesi. Kinyozi kaniona nimejikunja, kauliza kulikoni. Nikamwambia natafuta sindano sakafuni. Ikabidi niitafute kweli, nusu saa nzima.

Nikikiri kwamba naumwa, kwa kanuni ya nne mwenyekiti anafukuzwa, na mfuko unabaki hauna mtu. Lakini hapa naandika ukweli: naogopa. Sijawahi kuumwa hivi. Ofisi ya usajili inafungwa saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu. Naiinua cherehani niitoe fomu.

Jumatatu, 10 Machi
Naandikia wodini. Sikuweza kuiinua cherehani, wala kujiinua mwenyewe. Wamenipasua na kutoa kidole tumbo, kile kipande cha utumbo kisicho na kazi. Walisema ningechelewa kidogo kingepasuka. Walionibeba ni kinyozi na muuza vioo, na kidole chake kile. Fundi saa alitangulia kutufungulia milango.

Karani wa malipo alipoingia na karatasi nikafumba macho na kukoroma. Sauti ya mke wangu ikasema, "Fumbua macho, baba watoto. Nilichukua fomu nyingine, nikatusajili mwenyewe Jumanne."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akajibu kwamba kaolewa nami miaka kumi na minne, ananijua. Hapo machozi yakanitoka. Akanishika mkono, akanieleza taratibu kwamba nimetibiwa kwa michango ya watu walio wazima, ambao hawajui hata jina langu. Nimeguswa sana. Watu wema mno wale. Ila sielewi wao wanapata faida gani.

Alhamisi, 13 Machi
Niko nyumbani. Nyuzi zinawasha. Mke wangu kasema anatumaini nimejifunza. Nikamwambia mno.

Nimeomba karatasi, namwandikia mkurugenzi wa bima. Hoja yangu ni nyepesi: nilisajiliwa nikiwa na viungo kamili. Kimoja sasa hakipo, na kisichokuwepo hakiugui. Kwa haki kabisa mchango wangu upunguzwe. Nimeambatanisha na meno mawili yaliyong'olewa zamani, kwa maelezo tu, si yenyewe.

Muuguzi alipokuja kubadilisha bendeji nikamuuliza ni viungo gani vingine ambavyo mtu anaweza kuishi bila kuwa navyo. Akanitazama kidogo, akaweka mkasi chini, akaenda kumwita mke wangu.