Koti Lililotoka Ng'ambo

Sukari alipoona watu wamejipanga kwenye korido ya hoteli mpya wakisubiri mahojiano ya kazi, kila mmoja na bahasha yake kifuani, midomo ikicheza bila sauti, alijua riziki imemfuata. Jina alilopewa na mama yake analijua mama yake. Mjini wanamwita Sukari, na waliowahi kumwamini meno bado yanawauma.

Siku hiyo alikuwa na shida ya kweli. Jioni alitakiwa kwa wazazi wa mchumba wake, fundi cherehani, akajitambulishe. Mara mbili alishapangiwa siku, na mara zote mbili akaingia mitini. Mchumba akamwambia wazi: "Leo usipokuja, usije tena. Na shangazi yangu amehamia kwetu. Neno la mwisho ni lake." Sukari alimpenda yule binti, tusimsingizie, na alitaka kuingia kwao na viatu vipya, maana vya sasa vilikuwa vimeachama mbele. Koti alikuwa nalo: la buluu, kashonewa na mchumba mwenyewe, linamkaa mpaka mlinzi wa getini alimpigia saluti.

Akafunga kifungo, akaingia kazini.

"Poleni na foleni, jamani," alisema kwa sauti ya mtu mwenye ofisi yake. "Wengi wenu mtarudi nyumbani mikono mitupu. Si kwa vyeti. Kwa swali la kwanza tu: 'Tueleze kuhusu wewe.' Hapo ndipo mtu anapojimaliza. Anaanza na kijiji alikozaliwa, hajafika shule ya msingi, muda umekwisha! Mimi nawajua hao wa ndani. Najua wanachopenda."

Wa kwanza kumwita kando alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwavuli wa njano mapajani, aliyeketi kiti cha mbele kabisa. Alitaka somo lote, pamoja na kisa cha kulikoleza, akalirudisha neno kwa neno, kisha akaushika ukosi wa koti, akaugeuza kidogo.

"Koti zuri hili, mwanangu. Nani kakushonea?"

"Ah, mama, hili limetoka ng'ambo. Mafundi wa hapa wataweza wapi?"

"Kweli," alisema mama. "Wataweza wapi! Basi mimi nitakulipa nikitoka."

Sukari akamkubalia, kwa huruma. Mama wa watu, aliwaza, ataanza na kijiji tu huyo.

Na tukubali, somo lenyewe halikuwa bovu. Pumzi tatu: ya kwanza wewe ni nani, ya pili unafanya nini, ya tatu unawaletea nini. Halafu nyamaza. Ila somo kavu halina mnunuzi, kwa hiyo Sukari alilitia viungo. "Wape kisa," alimnong'oneza kijana mmoja, mwalimu, noti ikishabadilisha mfuko. "Bomba lilipasuka kazini, wenzako wakakimbia, wewe ukavua viatu ukaenda kufunga maji. Wanapenda bomba hao!"

"Lakini mimi nafundisha hesabu."

"Shule yenu haina bomba?"

Mwalimu akafikiri. Shule ilikuwa na bomba.

"Na usimwambie mtu. Hii ni yako peke yako."

Ikawa ya mwalimu peke yake, na ya karani wa duka la dawa peke yake, na ya dereva peke yake, mpaka mfuko wa koti ukavimba.

Mama wa mwavuli aliitwa wa kwanza. Hakutoka. Sukari akachukulia kwamba somo limekolea. Akaingia mwalimu, akaingia karani, akaingia dereva, ambaye kwa kiherehere bomba lake lilipasukia ndani ya lori. Kila mlango ulipofungwa, kicheko kilisikika huko ndani, na kila mara kilizidi.

"Mnasikia? Wamefurahi," Sukari aliwaambia waliobaki, akapandisha bei.

Waliotoka waliambiwa wasubiri majibu koridoni. Karani alikuwa amesimama dirishani, machozi yanamlengalenga. "Waliniuliza, 'Na wewe ulivua viatu?' Nikasema ndiyo. Mmoja akaanguka kwenye kiti kwa kucheka!"

"Viatu?" mwalimu akageuka. "Nilivua mimi!"

"Ulivua wapi? Bomba ni langu!" alisema dereva.

Vichwa vyote vikageukia koti la buluu.

Dereva, mtu wa mabega, akaziba ngazi. Mlango wa karibu ulikuwa mmoja tu. Sukari akaufungua, akajitosa ndani, akaufunga kwa mgongo.

Mbele yake palikuwa na meza ndefu na watu watatu wanaojifuta machozi. Wa nne, na mwavuli wake wa njano, alikuwa ameketi pembeni yao.

"Karibu," alisema meneja. "Tueleze kuhusu wewe."

Sukari akafungua kinywa. Pumzi ya kwanza ikaingia, ikatoka tupu. Bomba alishaliuza kwa korido nzima, na jingine hakuwa nalo.

"Ngoja nimsaidie," alisema mama. "Mimi nilipoulizwa, niliwaambia hivi: mnatafuta mkuu wa mapokezi, na mkuu wa mapokezi lazima ajue kinachoendelea mlangoni. Huko nje kuna kijana anauza utambulisho. Wote watakaonifuata, bomba litawapasukia. Wakaniambia nikae tuone."

"Na tumeona," alisema meneja. "Kazi ni yako, mama. Anza na huyu. Hao wengine tutawasikiliza upya kwa nafasi zilizobaki, bila bomba."

Mama akamshika Sukari mkono kama mtoto anayepelekwa kunyolewa, akamtoa koridoni. Noti zikarudi kwa wenyewe, huku dereva akisimamia. Ikabaki moja, ya Sukari mwenyewe, nauli yake.

"Nisamehe, mama," alisema, na safari hii ilitoka moyoni. "Niache niende. Jioni nina miadi. Nikiikosa, nimempoteza mtu."

"Najua. Ni nyumbani kwa kaka yangu."

Sukari akaufunika ukosi wa koti kwa mkono.

"Mshono wa ukosi huo nilimfundisha binti yake mimi, akiwa bado hajaifikia cherehani. Juzi nimemkuta anakutilia vifungo, anaimba peke yake. Eti ng'ambo!"

"Shangazi," lilimponyoka. "Nikifika niseme nini?"

Shangazi akanyoosha kiganja. Sukari akaitazama noti yake ya mwisho, akaitoa. Ikazama mkobani.

"Pumzi tatu, mwanangu. Wewe ni nani, unafanya nini, unatuletea nini. Na usimwambie mtu, ni yako peke yako."

"Lakini hiyo nimekufundisha mimi!"

"Na ulifundisha vizuri. Ya pili hiyo ndiyo itakayokutoa jasho." Akamnyoosha ukosi, akampigapiga begani. "Haya, anza kutembea mapema, nauli huna. Na koti usilivue. Nataka aliyelishona akae karibu yangu, asikie limetoka wapi."