Uzinduzi wa Ngome Saba, Toleo la Kwanza na la Kudumu

Mheshimiwa Waziri, ambaye kidole chako kitukufu ndicho kitakachobonyeza kitufe hiki chekundu, Mheshimiwa Naibu Waziri, ambaye kidole chako kimewekwa akiba, Katibu Mkuu, makatibu wasio wakuu lakini wenye matumaini, wajumbe wa Kamati ya Usanifu wa Michezo ya Kompyuta ya Mkakati wa Papo kwa Papo ya Kihistoria, ambao vibao vya majina yenu imebidi vitengenezwe upya kwa kuwa jina la kamati halikuenea, Mwanahistoria wa Idara, shemeji yangu ambaye ndiye Mjaribu Mkuu wa Michezo, aliyepata nafasi hiyo kwa sifa zake mwenyewe (minong'ono), nimesema kwa sifa zake mwenyewe, Dada Mbunifu, Fundi Umeme, Mama wa Chai na kigari chako pale nyuma, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Awali ya yote, naomba nijipongeze. Nilitaka nipongezwe na mtu mwingine, nikaunda kikosi kazi cha kumtafuta, lakini hadi leo asubuhi kilikuwa hakijawasilisha ripoti, na mimi si mtu wa kuacha kazi ilale.

Mheshimiwa Waziri, uliponishika mkono pale mlangoni uliniambia jambo kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti changu kilikuwa kimeshawashwa, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. Ulisema: "Mkurugenzi, leo nikibonyeza na mchezo ukatokea, idara yako inabaki. Usipotokea, kesho jengo hili ni ghala la viti." Agizo hilo nimelipokea kwa moyo mkunjufu. Watumishi wangu arobaini na mmoja nao wamelipokea, na naona baadhi yao wanaendelea kulipokea kwa kufuta jasho. Ndiyo maana hotuba hii, iliyokuwa na kurasa tano, imeboreshwa kimkakati na sasa ina kurasa sitini na mbili. (Mtu anaguna.) Fundi Umeme, nakuona unanipungia mkono. Nami nakupungia.

Kwa wale wasioufahamu mchezo wa aina hii, nitaeleza kitaalamu. Mchezaji anapewa wanakijiji wachache wa zama za kale na kipande cha ardhi. Anawatuma wakate miti, walime, wavunje mawe. Kwa hayo anajenga ngome na kuandaa askari. Na muda huohuo mwenzake upande wa pili naye anafanya yaleyale, hakuna kungojeana zamu, na anayezubaa anavamiwa. Nilipomweleza mke wangu kwamba mtu analima, anajenga, analinda mlango na kukabiliana na wavamizi, yote kwa wakati mmoja, alisema hayo ndiyo maisha yake tangu tuoane na hakuna aliyewahi kumwitia Waziri. (Kicheko upande wa akina mama.) Tulifanya utafiti, ndugu zangu, na asilimia sabini na nane ya wananchi waliohojiwa walikubali kuhojiwa.

Sasa nije kwenye maamuzi ya usanifu, ambayo ndiyo roho ya Ngome Saba. Miaka mitatu iliyopita tulimwajiri Dada Mbunifu, aliyekuwa mchora ramani kwa miaka kumi na miwili, mtu wa maneno machache na macho makali. Simama, dada, wakuone. Haya, kaa. Siku yake ya kwanza kazini hakuomba kompyuta. Aliazima sinia la Mama wa Chai, akachora mto kwa chaki, akamwaga vizibo vya soda vya rangi mbili kuwa ndio watu, maharage kuwa ndio chakula, njiti za kiberiti kuwa ndizo miti, akaniambia, "Mkurugenzi, kabla hatujaandika programu, tuucheze hapa mezani tuone kama unanoga." Nikamwambia, dada yangu, idara nzima haiwezi kukaa inacheza vizibo. (Makofi ya wajumbe wa Kamati.)

Tena alikuwa na kanuni moja ya ajabu, kwamba kila mchezaji atumie mkono mmoja tu, ule mwingine aufiche mgongoni. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Miti si shida, mawe si shida. Shida ni mkono. Una mkono mmoja na kazi kumi, inabidi uchague unachokiacha. Hapo ndipo utamu ulipo." Kamati ililijadili jambo hilo kwa wiki tatu mfululizo na kuliboresha, kwamba mchezaji atumie mikono yote miwili, na pale atakapoelemewa aruhusiwe kuteua mwakilishi.

(Nyuma ya ukumbi vizibo vinasikika vikigongana.)

Naomba utulivu. Pili, suala la vimo. Mchora picha wetu alileta mchoro ambao mwanakijiji ana urefu unaolingana na nyumba yake. Mwanahistoria wetu, mtu ambaye hata harusi ya mwanawe aliihudhuria akiwa na futi ya kupimia, aliinuka akauliza, "Huyu anaingiaje mlangoni?" Mchora picha akajieleza kwamba katika michezo hii watu huchorwa wakubwa na majengo madogo, kwa sababu mchezaji anatazama kutoka juu na lazima atambue mwenye mkuki ni nani na mwenye jembe ni nani. Hatukukubali kulidanganya taifa. Tukaamua vimo viwe sahihi, nyumba kwa mtu na ngome kwa nyumba, na matokeo yake yakawa ya kutia moyo sana: ngome ilionekana vizuri kabisa na watu hawakuonekana hata kwa darubini. Hivi sasa mchezaji anaamini tu kwamba wapo.

Tatu, ukungu, yaani giza la ramani. Desturi ya michezo hii ni kwamba ramani huanza ikiwa gizani, na unaifunua kwa kutuma watu wako wakapeleleze. Mjumbe mmoja anayetoka Upimaji wa Ardhi alichukia, akasema giza ni tusi kwa wapima ardhi. Tukaondoa giza. Mjumbe anayetoka Ulinzi akasema sasa adui anaona kila kitu. Tukarudisha giza. Mjumbe wa Usawa akasema kama ni giza basi liwe giza kwa wote na kote, na ndivyo tulivyopitisha kwa kauli moja, hata nyumbani kwako mwenyewe huoni. (Naibu Waziri anatoka kwenye kiti chake akiwa ameinama.) Mheshimiwa Naibu, maliwato ni mlango wa kushoto. La, huko ni kwenye kigari cha chai. Haidhuru.

Nne, na hapa jamani ndipo tulipotoana jasho, ni pande zinazopigana. Dada Mbunifu alitaka kila upande uwe na namna yake: hawa wepesi wa mbio lakini kuta zao dhaifu, wale wazito lakini wakijichimbia hawang'oki. Kamati ikauliza, nani atakubali babu zake wawe ndio wenye kuta dhaifu? Hakuna. Tukazifanya pande zote zilingane, zikatofautiana kwa rangi ya kofia peke yake. Yakaja malalamiko juu ya rangi. Tukazipaka zote kijivu. Tangu hapo askari hawajui adui ni yupi, wanasalimiana na kurudi kulima, na ninayo fahari kutangaza kuwa huu ndio mchezo wa vita wa kwanza wenye amani ya asilimia mia moja na nne. (Makofi hafifu. Makatibu wanne wanaondoka mmoja mmoja kuelekea nyuma.)

Tano, muda. Mwanahistoria alithibitisha kwamba ngome kama hizi zilijengwa kwa miaka kumi na mmoja. Dada Mbunifu akaomba iwe dakika mbili. Sisi ni watu wa maridhiano, tukagawana tofauti, ikawa miaka mitano na nusu. Mjaribu Mkuu, shemeji yangu, ameanza kuijaribu ngome ya kwanza, na kwa taarifa yake yuko kwenye msingi.

(Kelele nyuma. Kicheko. Sinia linavuma.)

Nani anacheka? Sijafika kwenye utani, utani uko ukurasa wa arobaini. Mama wa Chai, nakuheshimu sana, umenitunza kwa chai miaka yote hii, lakini hapa kuna shughuli ya kiserikali. Ndugu wajumbe wa Kamati, geukeni mbele! Mheshimiwa Waziri anainuka. Bila shaka anakwenda kuwanyamazisha. Tumpishe. (Waziri anapita katikati ya viti, anafika nyuma, anainama kutazama. Mkono wake mmoja unakwenda mgongoni.) Asante, Mheshimiwa. Hebu nasi tuendelee na sita, ambayo ina vipengele kumi na tisa.

(Sauti ya Waziri kutoka nyuma: "Mkono mmoja, mama! Mkono mmoja! Umetumia miwili!")

(Sauti ya Mama wa Chai: "Huu wa pili nimeshikia birika, Mheshimiwa! Wewe linda mto wako, wanakuja!")

Kama nilivyokuwa nikisema, mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu wa matarajio ya wadau... Fundi Umeme, mikono yote miwili sasa? Nimeshakuona, baba, hata mimi nimefurahi kukuona. Shemeji, sogea huko, kaa vizuri, usiegemee hicho kitu, usiegemee hicho ki—

(Kitufe kinabonyezwa. Feni kubwa la jukwaani linaanza kuzunguka kwa nguvu. Kurasa za hotuba zinaruka, zinatua juu ya viti vitupu.)

Oo! Kumbe ndilo ulilokuwa unanipungia. Kitufe kimeunganishwa na feni. Hakukuwa na kitu kingine cha kukiunganisha nacho, hilo nalijua, usijitetee.

Haya. Sina karatasi. Miaka ishirini na sita sijasema neno mbele za watu bila karatasi, hata mke wangu nilimposa nikisoma. (Kicheko cha mtu mmoja, Fundi Umeme.) Tumebaki sisi wawili na shemeji, basi nimalizie kama inavyotakiwa, maana hotuba isiyo na kaulimbiu haijafungwa.

Ngome Saba! Na wewe, Fundi, unaitikia: Fahari ya Jana, Furaha ya Leo! Tena. Ngome Saba! (Fundi Umeme: "Fahari ya jana, furaha ya leo.") Usanifu Shirikishi! (Fundi Umeme hajui la kuitikia, anapiga makofi.) Vizuri sana.

Nashukuru. Naishukuru Kamati kwa vikao mia mbili na kumi na vinne, ambavyo mihtasari yake yote ndiyo iliyomo ndani ya boksi hili zuri lenye picha ya ngome, kwa hiyo ukilifungua usitafute kingine. Namshukuru mwandishi wa programu, ambaye hatukumwajiri kwa kuwa Kamati haijakubaliana nafasi hiyo iitweje. Nakishukuru kitufe. Nalishukuru feni, limenipunguzia kurasa arobaini na tisa. Naushukuru mchezo wenyewe wa Ngome Saba, ambao haupo, haujawahi kuwepo hata mstari mmoja, na ambao nimeusimamia kwa uadilifu mkubwa. Mheshimiwa Waziri, nimesema haupo. Hawa arobaini na mmoja hawana kosa, wao walisubiri maamuzi. Ukifunga, nifungie mimi.

(Sauti ya Waziri, bila kugeuka: "Funga nini? Nani kasema kufunga? Hafungi mtu hapa mpaka nirudishiwe ngome yangu! Huyu mama kanizingira!")

(Sauti ya Mama wa Chai: "Umezubaa kwenye maharage, Mheshimiwa. Ungeacha maharage ulinde daraja.")

(Sauti ya Waziri: "Nilikuwa na mkono mmoja!")

(Sauti ya Dada Mbunifu: "Ndiyo utamu wenyewe, Mheshimiwa.")

(Sauti ya Waziri: "Tunaanza upya. Naibu, panga njiti. Na huu, dada, ndio mtakaoutia kwenye kompyuta, huu huu, nisisikie habari ya kofia za kijivu. Mkurugenzi! Acha kupigwa na upepo huko juu. Upande wetu umepungukiwa mtu.")

Mimi, Mheshimiwa? Mimi ni Mkurugenzi wa mchezo, mimi huwa... Miaka mitatu sinia lile limekuwa mlangoni pa ofisi yangu. Kila siku mchana nilisikia watumishi wanalicheza na kupiga kelele, nikafunga mlango nipate kuandika waraka wa kuhimiza furaha kazini. Sijawahi kucheza hata mara moja. Nilikuwa naogopa nitafungwa na mtu wa cheo cha chini.

Shemeji, zima feni. Fundi, njoo nawe. Dada Mbunifu, nisogezee vizibo, ila unifundishe polepole mbele za watu hawa. Mkono upi ndio unaokwenda mgongoni?