Nani Amegawa Mirathi Yangu Nami Sijafa?

Kwa Daktari wa Sukari za Watoto,
Chumba cha mwisho, chenye mlango unaolia.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Mimi ndiye babu wa yule binti wa miaka kumi na tatu, fundi cherehani niliyemshonea bwana harusi suti kwa kumwangalia tu akipita dirishani. Shule sikwenda. Nasema, mjukuu mwenyewe anaandika. Akicheka, hayo ni yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umemwambia mama yake, binti yangu, kwamba sukari ya mwanawe haikuletwa na peremende, ni ya kurithi. Daktari, kurithi kunataka maiti! Mimi nipo, natafuna mpaka mifupa. Nani amegawa mirathi mwenyewe yu hai?

2. Na kama amerithi, mbona kachukua sukari tu? Cherehani hakuitaka, hata mkasi hajaugusa.

3. Unataka damu yangu, uone kama hivyo vinasaba vyangu vina kasoro ileile. Ikiwemo, utamjaribu mtoto kwa vidonge, pengine aachane na sindano nne kwa siku anazodungwa miaka miwili sasa. Vizuri sana. Lakini bibi yake anatia vijiko vitano kwenye chai! Huyo umemwacha, umenijia mimi.

4. Sindano siogopi. Nimezishika miaka hamsini. Ila sindano huingia kwenye nguo, haiingii kwa fundi. Ndio utaratibu wa kazi.

5. Ukoo wetu hauna sukari. Utamu tunao, hilo sikatai.

Kwa hiyo damu sitoi. Nisalimie wauguzi wote, hata yule asiyecheka, na mlinzi aliyenishikia kofia.

Ndimi mzima wa afya,
Babu Fundi.

N.B. Mjukuu kaweka kalamu chini, kaniuliza utamu gani. Nikamwambia: tangu ujana wangu, nikikojoa nyuma ya duka, sisimizi wanakuja msururu. Nilikuwa nawatambia wenzangu kwamba hata wadudu wanamjua mwanamume mtamu. Safari hii hakucheka. Alinionyesha tumbo lake, pale anapodungwa. Nimefumua na kushona nguo za watu wengi, Daktari, sijaona kitambaa kilichotobolewa hivyo.

Jumatatu nakuja. Chota damu unayotaka, mimi nitatazama dirishani. Na ikionekana imetoka kwangu, tafadhali usiandike amerithi. Andika babu kampa mwenyewe, akiwa hai, na vidonge amekuja kumdaia.