Kujikwaa Si Kuanguka

Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa iliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini, wakapangwa kwa vyeo, kisha ikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kompyuta itakayoanguka ovyo. Kila mwanguko mkubwa wa mfumo wa uendeshaji ungechunguzwa, ungeeleweka na kuandikwa na Kamati ya Kudumu ya Mianguko. Mwenyekiti: Mkurugenzi mwenyewe.

Mama Pacha, karani wa dirishani, alipiga makofi kuliko wote. Kompyuta yake ilikuwa ikigeuka buluu kila asubuhi, inatema maandishi meupe yasiyosomeka na binadamu, kisha kimya. Foleni ikifika barabarani, matusi yote ni yake. Alishapewa maonyo mawili ya uzembe. La tatu ni kufukuzwa, na pacha wake hawali pole.

"Basi mzee, anzeni na yangu," alisema.

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya kitaalamu. "Mwongozo uko wazi, mama. Ukubwa wa mwanguko unapimwa kwa cheo cha aliyeketi mbele ya mashine. Ya karani ikizima, imejikwaa. Ya ofisa imeteleza. Kuanguka ni kwa wakurugenzi."

"Na yako imeanguka lini?"

"Haijawahi. Huo ndio utendaji."

Hakusema uongo. Kompyuta yake ilikuwa bado ndani ya nailoni, imebeba chungu cha maua ya plastiki.

"Tena wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele," akaongeza. "Dirisha lako linakwenda mbele sana."

Ili wananchi watulie, akabandika tangazo juu ya dirisha hilo: FOLENI ISIPOSOGEA, MZEMBE NI ALIYEKETI KWENYE KITI HIKI.

Mwaka ukaisha bila mwanguko mkubwa hata mmoja. Wakubwa walifurahi mno, wakamteua Mkurugenzi kuwa Katibu Mkuu. Asubuhi ya kuapishwa alisaini kazi yake ya mwisho, onyo la tatu la dirishani, akamwachia tarishi. Kisha akakumbuka kitu kidogo: wanaoapisha walitaka cheti chake cha kuzaliwa.

Akaingia kwa mlango wa nyuma. "Mama Pacha, nitolee chapchap."

Mama Pacha akaandika jina, akabonyeza. Skrini ikawa buluu.

"Zima, uwashe!"

"Thubutu! Imejikwaa hiyo, mzee. Tunamsubiri fundi wa zamu, huja Alhamisi."

"Huu ni mwanguko mkubwa!"

"Kwa cheo changu? Usinipandishe, mzee, watu watanionea wivu."

Mkurugenzi aliwaza kiuongozi. "Inuka." Akaketi yeye. "Sasa aliyeketi ni Mkurugenzi. Fundi aje mara moja!"

Fundi alikuja mbio, akanyoosha kidole kwenye kitufe, kisha akaurudisha mkono mfukoni. "Mwanguko mkubwa hauguswi, bosi. Mashine ibaki ilivyo, na aliyeketi asiinuke, mpaka Kamati ielewe."

"Iite Kamati!"

"Huitwa na mwenyekiti."

"Ndiye mimi!"

"Mwenyekiti hachunguzi mwanguko wake mwenyewe. Kifungu ulikitunga wewe, na makofi tulikupigia."

Hapo tarishi akapita na barua ya onyo la tatu, iliyoandikwa kwa aliyeketi kwenye kiti cha dirishani. Akamwona aliyeketi, akamkabidhi, akaondoka. Tarishi si mtu wa maswali.

Mama Pacha alichukua mkoba wake, akazunguka nje, akasimama na wananchi. Bibi mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni alisogea dirishani, akasoma tangazo taratibu, kisha akashusha macho kwenye kiti.

"Ehee! Kumbe ni wewe?"

"Bibi, mimi ni Mkurugenzi wa idara hii."

"Hata mzembe ana cheo chake. Cheti cha mtoto kiko wapi?"

"Mashine imeanguka."

Bibi akamgeukia Mama Pacha. "Eti mwanangu, imeanguka?"

"Wapi, bibi! Amejikwaa tu," alisema Mama Pacha, akijipangia nafasi nzuri ya kutazama. "Muache, anakwenda mbele."