Nilipima Choo Kama Nilivyoagizwa

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu kwako na kwa wote wavaao makoti meupe. Mimi ni fundi seremala wa nyuma ya soko, ninaharisha zaidi ya mwezi sasa. Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu anaolewa, nami baba mtu natakiwa nisimame naye mbele za watu, si nichomoke mbio katikati ya nasaha. Nilikuja kutafuta dawa. Daktari wako, yule mama mwenye miwani, akanifanyia haya:

1. Aliniuliza maswali kama mkwe. Choo kina damu? Nimekonda? Nilisafiri? Maji nakunywa ya wapi? Dawa gani nilimeza karibuni? Bwana wee, mimi nimeleta tumbo, yeye anataka historia ya ukoo.

2. Aliniagiza nikapime choo, nimletee majibu. Nikapima. Urefu, upana, kimo hadi kwenye bati, mpaka mlango. Nikamkabidhi mchoro safi kabisa. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, kisha akanipa kikopo kidogo, nikapita nacho mbele ya foleni nzima.

3. Majibu ya kikopo: hakuna minyoo, hakuna amiba. Badala ya kuona haya, akafurahi, ati kujua kisichokuwapo nako ni kupiga hatua. Mimi nikimwambia mteja kwamba kabati lake si meza wala si kitanda, atanielewa? Halafu akanitoa damu. Damu imekosa nini?

4. Hili ndilo limenichosha. Kaniamuru niache maziwa wiki nzima, ati tuone. Na maziwa ndiyo ninayokunywa kwa jagi, asubuhi na jioni, kulituliza tumbo tangu lichafuke. Isiposaidia, anasema, ataniingizia mpira wenye kamera. Mganga Mkuu, kamera za harusi zinanitosha.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe kwenye macho, tuletewe daktari anayejua ugonjwa kwa kumtazama mtu usoni.

Nisalimie manesi, mlinzi wa getini anayenipisha bila maswali, na mama wa usafi, ambaye tumezoeana kupita kiasi.

Wako mwenye haraka,
Fundi Seremala, baba wa bibi harusi

N.B. Barua ilichelewa kutumwa, na mke wangu alinificha maziwa muda wote huo. Harusi ilikuwa jana. Tafadhali daktari asihamishwe popote. Nilisimama na binti yangu mwanzo hadi mwisho, na kilichonitoka ni machozi tu.