Udongo wa Tororo Mbele ya Wakwe

Leo sina pa kuweka uso. Nawaambia mimi mwenyewe, wenzangu wa kikundi cha kina mama, kabla hamjaambiwa na watu wa sokoni. Wale hutia chumvi, na kisa hiki hakihitaji hata punje moja.

Joto langu mnalijua. Mmekaa nami kanisani mkiniona najipepea kwa kitabu cha nyimbo wakati nyinyi mmejitanda kanga kwa baridi. Mwuguzi wa dispensari aliniambia ni homoni. Nikamwuliza homoni ndiyo nini. Akasema ni vitu ndani ya damu vinavyopeleka habari huku na huku mwilini, na kwa mwanamke wa umri wangu huanza kukosa mizani. (Umri wangu. Na siku hiyo nilikuwa nimevaa lile gauni la maua.) Akanipa aspirini, ambayo pale ni dawa ya kila kitu, kuanzia jino mpaka ndoa, akaniambia nivumilie.

Kuvumilia nimevumilia. Nimezika mume, nimelea watoto kwa samaki wa Majanji, nimesimama juani kutwa nzima kungoja hotuba za Uhuru. Lakini kuamka usiku nimelowa shuka yote, na asubuhi kumgombeza kuku kwa kuwa amenitazama vibaya, hilo lilinishinda.

Kwa hiyo juma lililopita nilipovuka mpaka kupeleka samaki Tororo, nikaenda kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti. Sasa mimi ni mjane mwenye heshima zake. Siwezi kusimama katikati ya soko nikatangaza mambo ya ndani. Nikainama, nikamnong'oneza kwamba nina shida ya kike. Mwili unawaka. Usingizi unanikamata mchana. Nguo zinanibana kiunoni. Na ile ya kila mwezi imekata.

"Imekata kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

Akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akatabasamu. "Mungu nafanya kazi yake. Usiogopa, mama. Dawa iko."

Nikasema moyoni, haya ndiyo matibabu. Hakuna foleni wala kuulizwa umri. Akanipa vijiti vya udongo uliokandwa na majani na magome, vimekaushwa vikawa vigumu. Wanaviita mumbwa.

"Nasugua kwa jiwe na maji kidogo, nakunywa asubuhi na jioni," akaniagiza. "Kila kitu itakaa sawa mpaka siku yake."

Siku yake ipi, sikuuliza. Kuuliza ni kwa watu wenye akili.

Nikanywa juma zima. Ladha yake ni ya ukuta uliopakwa jana. Joto halikupungua hata kidogo, ila nilianza kula kama mtu aliyetoka jela. Nikajiambia dawa inasafisha kwanza, itatibu baadaye.

Basi leo. Leo ndiyo siku watu wa Owor walikuwa wanakuja kutoka Molo, huko huko Tororo, kumposa binti yangu Nabwire. Owor ni yule kijana mpole anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Nabwire amemkataa mwalimu kwa ajili yake, amemkataa na karani mwenye pikipiki, na amenieleza wazi kwamba Owor akishindikana hataolewa na mtu mwingine. (Ukaidi huo ameurithi kwa baba yake, bila shaka.) Kwa hiyo nilitaka mambo yaende sawa, joto lisinitie aibu. Asubuhi nikasugua mumbwa mara mbili ya kawaida, nikanywa kikombe kizima.

Wakafika kabla ya jua kuwa kali. Msemaji wao alikuwa mzee mmoja mrefu, baba mkubwa wa kijana. Alikuja na dada yake, shangazi ya Owor, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Owor mwenyewe akakaa karibu na mlango, ametazama miguu yake. Mnajua mwenendo wetu na mkwe wa kiume: mkono hatupeani, na akipita huku, mimi natazama kule. Upande wetu alisema shemeji yangu Wandera, ndugu ya marehemu, na mkewe ameketi nyuma yake kama polisi.

Mzee akaomba tuombe. Akaomba kweli kweli. Alipofika kwa Abrahamu na Sara, joto likanipanda kutoka miguuni. Nikajikaza. Likafika shingoni. Nikatoka polepole, na nilipofika nyuma ya jikoni nikavua kitambaa cha kichwa, nikashika nguzo, nikaweka mkono mwingine kiunoni, nikaanza kuhema.

Nikafungua macho, shangazi yuko mbele yangu.

"Pole, mama," akasema.

"Ni joto tu."

Alikuwa ameshatazama ndani ya jikoni, na pale chini jiwe langu bado lilikuwa limelowa, na kijiti juu yake. Akaingia, akakiokota, akakinusa, akagusa ncha yake kwa ulimi. Kisha akanitazama kwa huruma ambayo sijaonyeshwa tangu nifiwe. Nilipoinama kuchukua sufuria ya kuku akaninyang'anya.

"Wewe nakaa. Hapana beba kitu nzito. Mimi napakua."

Nikakaa. Nikafikiri, hawa ndio wakwe, wana adabu kuliko watu wa kwetu. Chakula kilipopakuliwa nikaenda ndani kama malkia, nikamwona akimnong'oneza kaka yake. Mzee akaacha kutafuna. Akaweka paja la kuku sahanini, akanawa mikono.

"Sisi nashukuru kwa chakula," akasema. "Lakini kwetu Molo, nyumba ambayo mama bado nazaa, hapana toa mke hapo. Mama na binti wabebe mimba pamoja? Hiyo ni kuua watoto. Sisi narudi nyumbani."

"Mama gani anazaa?" Wandera akauliza, mfupa mdomoni.

Mzee akanielekeza kwa kidevu.

Watu wote wakanitazama mimi. Kisha, kwa kuwa kila mtu anajua ni nani huezeka nyumba ya mjane huyu na kutengeneza ua wake, wakamtazama Wandera. Mkewe alikuwa wa kwanza.

"Mimi huleta kuni tu," Wandera akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Nikasema sina mimba, nani kawaambia nina mimba. Shangazi akafungua kiganja, kijiti changu kimo. Nikasema hiyo ni dawa ya joto.

"Hii?" akasema. "Mama, hii ni ya mimba. Mimi nimekunywa kwa kila mtoto wangu. Tororo nzima najua. Na meno yako bado iko na udongo."

Nikafunga mdomo. Nikamkumbuka yule mama wa sokoni na tabasamu lake, nikaelewa Mungu alikuwa anafanya kazi gani. Mzee alikuwa ameshavaa kofia. Owor amesimama, uso umempauka. Na mlangoni pa chumba cha ndani nikamwona Nabwire, amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanashuka.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Ningenyamaza kulinda heshima yangu, binti angeachwa kwa sababu ya mimba isiyokuwapo. Nikasimama.

"Mimi sina mimba," nikasema. "Mimi nimekoma. Ya mwezi imekauka tangu mwaka jana, haitarudi, na hili joto ni la kukoma."

Nilidhani nasema kwa sauti ya kawaida. Nabwire ananiambia ilisikika mpaka kwa jirani, na kweli jirani alikuwa amezima redio. Owor alikuwa anatazama paa kana kwamba ameitwa kulikarabati. Na joto nalo, lisivyo na haya, likachagua saa hiyo hiyo kurudi. Jasho likanitiririka mbele ya baraza zima.

Shangazi akanisogelea. Akanishika mikono miwili.

"Usiku naamka, nguo yote maji?"

"Kila usiku."

"Na hasira?"

"Hasira hapana," nikasema.

"Ipo," Nabwire akasema kutoka mlangoni.

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. "Dada yangu, hata mimi! Hata mimi!" Mzee akavua kofia, akasema ni kweli, kwamba mwaka huu dada yake alimrushia karai kwa sababu ya salamu. Kisha akalirudia paja la kuku. Mazungumzo yakaendelea, na nawashukuru Mungu na shangazi, Nabwire ameposwa.

Mnadhani yaliishia hapo. Wakati wa kuaga, Owor, ambaye kwa heshima hajawahi kunisemesha zaidi ya "shikamoo", akageukia ukuta ili asinitazame. "Mama," akauambia ukuta, "kwetu kuna majani ya hiyo joto. Nitaleta mwenyewe." Nikaitikia nikiutazama ukuta wa pili. Hivyo ndivyo mimi na mkwe wangu tulivyoanza kuongea.

Msicheke. Kila mtu ameridhika kuwa sina mimba isipokuwa mke wa Wandera, ambaye amesema maneno ni maneno, yeye atangoja miezi tisa.