Wiki ya Tata Bila Ndizi

Jumatatu, 8 Desemba

Nimepata tiba ya Tata! Imo kwenye kitabu cha afya nilichoazima maktaba ya shule kwa likizo. Kumbe soda, maandazi na mafuta yanayokaangiwa mara tatu huchochea mwili wa mtu mzima. Unawaka ndani kwa ndani, taratibu, kisha tumbo linatanuka na sukari ya damu inapanda. Baba yangu kabisa huyo! Nesi wa zahanati amesema sukari isiposhuka kufikia Jumatatu ijayo, atamwanzishia sindano za kila siku. Tata anaogopa sindano kuliko radi. Mimi naogopa zaidi. Nimemsomea Mama ukurasa mzima nikitazama sakafu. Amekubali. Wiki hii jiko ni langu!

Jumanne, 9 Desemba

Soda nje! Maandazi nje! Ndizi nazo nimezifuta. Kitabu hakikuzisema vibaya, lakini mwanasayansi hafanyi kazi nusu. Mchana: mchicha wa kuchemsha, maharage, parachichi. Tata amemaliza yote, akanawa, akauliza chakula kinaiva saa ngapi. Kaka Avit amecheka mpaka akatoka nje. Sasa naitwa Daktari Mchicha.

Jumatano, 10 Desemba

Jioni Tata ametoka kunyoosha miguu. Karudi anapiga mluzi na mchicha hakuugusa. Hamu ya kula imepungua. Dalili njema sana!

Alhamisi, 11 Desemba

Msiba! Bernadeta, mke wa mzee Kahigi wa ng'ambo ya kilima, kaja na mkungu wa ndizi kichwani kutupa pole. Waitu jamani, kasema, wamesikia migomba yetu imekauka, maana mwanamume mzima anavuka kilima kila jioni kuja kula kwao! Mama kaniambia nimeuaibisha ukoo mzima. Nilitaka kueleza habari za mwili kuwaka, nikaishia kufungua ukurasa. Nikakimbilia shambani na kitabu changu.

Jumamosi, 13 Desemba

Kumkabili Tata kwa mdomo siwezi. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili, nikaiweka chini ya sahani. Amejibu nyuma ya barua: ebitoke, ndizi za kupika, ndicho chakula, hivyo vingine vyote ni mboga. Kisha akachukua fimbo, akapanda kilima.

Jumatatu, 15 Desemba

Zahanati. Tone la damu. Nikafumba macho. Imeshuka! Kutoka kumi na moja hadi saba! Hakuna sindano! Tata kamkumbatia nesi. Nesi kamuuliza kabadilisha nini. Kasema kwa Kahigi hakuna soda wala maandazi, wanakula ebitoke, maharage na dagaa, na kilima kile kinamtoa jasho kwenda na kurudi. Nesi kasema aendelee hivyo hivyo, kakisifu na kilima. Mimi hakuna aliyenitaja.

Watu wazima hawajui sayansi! Ni dhahiri mchicha wangu umefanya kazi hata bila kuliwa. Kesho naanza na Mama. Haumwi chochote, ndiyo maana lazima niwahi.